Kiatu cha Ngozi ya Fahali

Hedeby, mwezi wa kukata majani, kiangazi cha saba tangu niondoke nyumbani.

Kaka Hallvard,

Nakusalimu wewe, shemeji Tordis na wanao. Mguu wa mama unaendeleaje? Aendelee kuupaka mafuta ya sili. Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka. Safari hii barua imekula vijiti vingi vya kuchonga. Herufi zangu zikikushinda mpe Tordis, yeye anazijua kuliko sisi wawili.

Kazi yangu ni ile ile ya kukalafati. Nasokota sufu iliyochovywa lami, naishindilia kati ya mbao za chombo maji yasipenye, kutwa nimepiga magoti. Juzi fundi mkuu wetu, Skopti, alikagua ubavu niliomaliza, akaniuliza kama nimekusudia kuwazamisha watu au kuwaosha tu. Nikamjibu kwamba chombo kikivuja, maji yote nitayanywa mimi. Tulipokishusha majini hakikuingiza hata tone. Skopti alinuna mpaka jioni.

Jumamosi tunaoga, na mtoto mmoja wa hapa, Yrsa, huja kunichana nywele kwa kichana cha pembe. Ana miaka mitano. Huniambia kwamba chawa wangu wamenona kuliko nguruwe wa Skopti. Anachunga bata bukini, anajua kusokota uzi, na wakati wa baridi hujifunga mifupa ya ng'ombe miguuni akateleza juu ya barafu. Akianguka halii, huitukana barafu. Mama yake, Muiren, mtumwa wa Skopti aliyeletwa kutoka Ireland, humgombeza kwamba ulimi huo utamkosesha mume. Yrsa humjibu kwamba mume asiyestahimili matusi hamtaki.

Kaka, sasa nikuambie kilichonifanya nichonge vijiti vyote hivi. Yrsa ni mwanangu. Mama yake nampenda, na Skopti amekwisha kuwaachia huru wote wawili mbele ya mashahidi, kwa jasho langu la misimu miwili. Kwa hiyo hapa nimemaliza. Lililobaki liko kwako.

Yrsa alizaliwa utumwani, na sheria yetu haimjui. Bila kuingizwa kwenye ukoo, siku nikifa wanao wanaweza kumtoa shambani kama mgeni, na baraza litawaunga mkono. Najua umezoea kuiona sehemu yangu ya shamba kuwa ni yao, kwa kuwa sikuoa. Sikulaumu. Wala sikuombi huruma, kaka; nakuomba mguu wako.

Tumwingize kwenye ukoo kwa kiatu, kama sheria inavyotaka. Pika pombe ya shayiri. Chinja fahali wa miaka mitatu, uchune ngozi ya mguu wake wa nyuma wa kulia, ushone kiatu. Nitatangulia mimi kuingiza mguu, kisha Yrsa, kisha wewe, kisha wanao mmoja mmoja. Mmoja wenu akikataa, basi, mtoto hana ukoo. Muiren anasema nakuamini kupita kiasi. Nimemwambia bado hajakuona.

Ushone kikubwa, maana mguu wako haujawahi kuenea kwenye kiatu cha mtu.

Mbusu mama. Waambie majirani bado napumua. Mavuno yakiisha tutapanda chombo cha wauza nafaka, na kabla theluji ya kwanza haijaanguka mtatuona tukiingia ghubani, watatu.

Ndugu yako,
Audun