Karatasi ya Ukutani kwa Mama

Ipagala, Dodoma
Agosti 12

Kwako Dada Ruthu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Bahi, goti limetulia na mpunga umeshaingia ndani kabla ndege hawajaumaliza. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Lakini simu yako, dada, unaiweka sauti ya juu hadi majirani wanachangia mazungumzo, na wewe mwenyewe hunikatiza kabla sijafika katikati. Leo nataka nimalize. Naomba uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee.

Hapa kwa mwanangu Anna sikosi kitu. Yeye na mumewe huondoka alfajiri kwenda ofisini Mtumba, mjukuu wangu Damarisi huchukuliwa na basi la shule, nami nabaki na friji inayonguruma. Siku ambayo muuza mboga hapiti, sifungui kinywa mpaka jioni. Nasema ukweli, nina upweke, na upweke unanirudisha nyuma sana.

Wiki iliyopita Damarisi alirudi na kazi ya shule. Ameambiwa amuulize mzee wa nyumbani watoto waliishije wakati wa vita vya Kagera, kisha alinganishe na maisha yake. Nilifurahi kama niliyefikiwa na wageni. Nikamweleza mahandaki tuliyochimba pembeni ya uwanja wa shule pale Gulwe, tukaambiwa ndege zikija tuingie, ndege hazikuja, tukayageuza ya kuchezea kombolela. Nikamweleza sabuni ilivyoadimika tukafulia maji ya majivu, na foleni ya sukari ambapo kila mtoto aliweka jiwe lake kushika nafasi akaenda kucheza. Na treni za askari, tulivyokimbia nazo tukipunga mikono. Yeye naye akaorodhesha ya kwake: basi, tuisheni, katuni, chipsi za Ijumaa.

Nikamwambia daftari moja tulilikata kwa wembe tukagawana wawili. Akacheka, akadhani namtania. Wakati huo alikuwa ameshachana karatasi tatu safi kwa sababu mwandiko haukumpendeza, kazifinyanga kazitupa chini. Nikaziokota, nikazinyoosha pajani. Ndipo akaniuliza, "Bibi, sasa daftari likiisha mlikuwa mnaandikia nini?"

Dada, niliinuka. Nilimwambia naenda kuangalia maharage jikoni, na jikoni hapakuwa na maharage.

Jioni hiyo hiyo Anna akanieleza kwamba mke wa mwanao Marko amejifungua mtoto wa kiume, wakataka kumwita William, wewe ukakataa kabisa. Umesema huwezi kumpa mtoto jina la mtu aliyempita mama yake kituoni bila kumtumia hata neno. Maneno hayo nayajua, ni ya mama. Wewe ulikuwa umeshaolewa Bahi, uliyapokea kwake. Kaka yetu alichukuliwa na mgambo, akapelekwa mafunzo Pwani, na Jumamosi moja treni yao ikapita Gulwe kwenda vitani. Mzee Methusela alikuwa kituoni kumuaga mwanawe, maana mwanawe aliandika kutaja siku watakayopita. Akaja kwa mama kusema kamwona William dirishani, anaangalia huku na huku. Mama akauliza mbona mwenziwe kaandika na wangu hakuandika. William hakurudi, na mpaka tunamzika mama mwaka jana, hakuna mjukuu aliyeruhusiwa kuitwa jina lile.

William aliandika, dada.

Barua zilikuja kwa sanduku la shule, tukagawiwa paredi tupeleke nyumbani. Mama hakujua kusoma, mimi ndiye nilikuwa msomaji wake, na sharti lake unalikumbuka: barua haifunguliwi mpaka akae chini na kujifunga kanga vizuri. Alhamisi ile, siku mbili kabla treni haijapita, Mwalimu Sila alinipa ya William. Saa nne akatangaza jaribio la hesabu, na asiye na karatasi anachapwa. Sikuwa na karatasi. Nikaifungua barua ya mama, nikaona nyuma ni nyeupe tupu, nikaandika hesabu zangu kumi. Sikusoma upande wa pili. Nilitaka nimsomee mama kama kawaida yetu. Mwalimu akakusanya akaondoka nazo, nami nikaogopa kumwambia mama nimemfungulia barua yake. Nikajisemea nitamsomea ikirudishwa. Ilirudishwa Jumatatu.

Niliisoma nikiwa ndani ya handaki. Nikarudi nyumbani nimeishika, nimedhamiria kusema. Mama akaona alama za kalamu nyekundu, akauliza nimepata ngapi. Nane kwa kumi. Akapiga vigelegele. Akachota uji mzito wa uwele, akaibandika ukutani karibu na mlango, hesabu zikitazama nje. Sikusema. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikanyamaza, kisha nikazoea kunyamaza. Kila mgeni alionyeshwa karatasi ile. Mama alikaa chini yake akimlalamikia William, na maneno ya William yako pale, yamegeukia udongo, hayafiki hata mkono mmoja kutoka kichwani kwake.

Tulipombomolea ile tembe tumjengee ya bati, niliibandua kwa kitambaa chenye maji. Mistari mingi ilibaki ukutani. Iliyosalia inasomeka hivi: "Penina, mwambie mama asimame karibu na tangi la maji, avae kanga yake nyekundu nimtambue. Nitakuwa upande huo."

Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Sina cha kujitetea. Mama sikumwambia, na sasa nafasi hiyo haipo tena, nimebaki na wewe tu. Ukinikasirikia nitapokea, hata ukikaa mwaka mzima bila kunipigia. Ila naomba hasira uiondoe kwa William uilete kwangu. Yeye alimtafuta mama.

Wasalimie wote wa hapo nyumbani. Msalimie Marko na mkewe, na mtoto kwa jina utakalomruhusu.

Ni mimi mdogo wako,
Penina