Mshipi wa Mama Njeri Una Kwao

Mzee Koech,

Ule mshipi wa fedha wa Mama Njeri wa kule Bahati, tumejua ulikotoka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeuliza hilo kabla ya kuuliza nani alikuja kukuzika.

Ni miezi mitano sasa, na bado narekebisha vito peke yangu katika kibanda chetu hapa Nakuru. Wiki jana Mama Njeri alirudi. Unakumbuka babu yake aliachiwa mshipi huo na mzungu ambaye babu alikuwa mpishi wake. Kila mwaka Mama Njeri alitaka tuuyeyushe tumtengenezee bangili, na kila mwaka ulikataa. "Hatuyeyushi kitu kama hatujui kwao." Nilikukasirikia sana, Mzee. Tulikuwa tunafukuza wateja.

Halafu ile siku nilianza kuusugua kwa majivu nikidhani ule weusi ni uchafu. Ulinishika mkono. "Huo si uchafu, ni kazi ya mtu." Jani moja kati ya yale yaliyochorwa juu yake bado lina upara kwa sababu yangu. Nisamehe.

Safari hii Mama Njeri hakutaka maneno. Binti yake anaolewa, bangili zinahitajika. Nikamwomba siku tatu, nikaanza na upande wa nyuma ulivyonifundisha. Chini ya ngozi iliyooza nikaona kichwa cha mwanamke, kidogo kama punje ya mtama, na nambari 84. Ni alama ya fedha ya Urusi ya zamani. Wewe ulikuwa umeandika "Uhabeshi?" katika daftari letu. Macho yako yalikuwa yamechoka, hata hukuniambia.

Nikatuma picha kwa mama mmoja wa jumba la makumbusho nchini Georgia, chini ya milima ya Kaukazi. Akajibu kwamba ule weusi uliochomwa ndani ya fedha, na yale majani yaliyojipinda, ni kazi ya mafundi wa Dagestan, milimani huko.

Nilipomweleza Mama Njeri, aliuzungusha mshipi kiunoni juu ya kitenge chake.

"Basi wacha. Msichana ataolewa akiwa ameuvaa."

Nilizima moto wa kuyeyushia nikalia mbele ya mteja, kitu ambacho ungekichukia. Ungekubali mara moja tu, miaka yote hiyo, na kazi ya fundi huyo ingepotea mikononi mwetu.

Pumzika, Mzee wangu. Ukaidi wako nimeurithi, na wateja wanune wanavyotaka.

Wako,
Chebet