Ua Ulilosema ni Dume

Mpwa wangu Kirimi,

Nilitaka kukuandikia kwa upole, vile watu huwaandikia waliolala. Nimeshindwa. Nimekukasirikia, na kwa kuwa huko uliko huwezi kunikatiza, utanisikiliza mpaka mwisho.

Tangu lori lenu lilipuliwe nawe ndani kwa barabara ya Garbatulla, mtaa wetu wa Bulla Pesa si ule uliouacha. Kafyu imekazwa. Jua likianza kuinama, kila mtu anakimbilia mlango wake kama kuku. Mimi sikimbii, unanijua. Juzi askari walinielekezea bunduki, nikawatazama tu, wakaniomba msamaha na kunibebea debe la maji hadi nyumbani. Mkeo Kathure hakuamini. Wewe ungeamini. Ama ungejifanya, maana sasa sijui tena.

Ni hilo ua la haidrenja, Kirimi.

Yule Mzungu uliyemlimia bustani alipofunga mizigo kurudi kwao, ulikuja na miche miwili ndani ya mikebe. Aina ile fupi, isiyopita goti, ya kukaa mlangoni. Mmoja ukapanda kwako, mmoja ukanipa. Nikaupanda vile ulivyosema: kando ya ukuta, mahali panapopata jua la asubuhi peke yake, na mbolea ya mbuzi iliyooza, na nyasi kavu juu ya shina ili udongo usikauke. Saa sita majani yalilala kama mlevi. Jioni nikayapa maji, yakasimama. Kuna siku nilinyima hata uso wangu maji, yakanywa hayo majani.

Na kila mvua ikiisha ulikuja ukaegemea ukuta, ukasema, "Kata, mjomba. Kata mpaka chini, ndio libaki fupi." Nikakata. Lako likatoa vichwa vya rangi ya waridi, vikubwa kama kabichi. Langu, majani. Nikikuuliza, ulinitazama usoni bila kucheka: "Lako ni dume, mjomba. Dume huchelewa. Lakini siku likitoa, watu watatoka Meru kuja kuangalia."

Nami nikaenda hotelini kwa chai nikawaambia wote. Wauza miraa, Waborana wa ng'ombe, hata mwalimu wa misheni. Kwamba Kenya nzima haidrenja dume ni moja, na iko kwangu. Kwamba nyuki wametoka mbali kule Leparua wamelala ukutani wakingoja.

Jumamosi Kathure alikuja kuniaga, mtoto wenu Mwenda mgongoni. Anarudi kwa mama yake huko milimani, hapa pamemwogopesha. Akaniomba nilitunze lako. Tukaenda mlangoni kwenu, nikainama na panga nilikate ulivyonifunza. Akanishika mkono.

"Usikate hapo, mjomba. Hilo tawi la zamani ndilo litazaa ua mwaka ujao. Baba Mwenda alikuwa anatoa kichwa kilichonyauka tu."

Nikamuuliza, na dume je?

Akaziba mdomo kwa leso. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Alisema, mjomba akipata ua, Isiolo haitalala."

Kwa hivyo mlicheka. Mkila, mlikuwa mkinicheka. Mimi niliyekubeba dada yangu alipokuacha ukiwa hujui hata kutembea. Ungeniambia ninyamaze, Kirimi. Ningenyamaza, walau mpaka Jumapili. Lakini kunishikisha panga nikate maua yangu kwa mkono wangu, mwaka baada ya mwaka, na wewe umesimama hapo ukiniambia, chini kidogo, mjomba, chini kidogo...

Kathure alipoondoka nilibaki mbele ya ua lako. Nilitaka kuling'oa. Hakuna aliyekuwa akiniona, na ningesema mbuzi wamekula, nani angebisha. Udongo ulikuwa umepasuka, majani yamelala chini kabisa. Nikaenda mtoni na debe.

Usidhani nimekusamehe. Mwenda amechukuliwa, nguo zako zimegawanywa, na wewe mwenyewe tulikuzika upesi kwa kuogopa kafyu, hata sikusema neno. Kitu cha mkono wako kilichobaki Isiolo ni hicho peke yake.

Lala basi, mwana wa dada yangu. Nakuahidi maji kila jioni, na panga halitaligusa. Likichanua, nitawaambia watu ni langu, nililipanda mwenyewe. Kama una neno, njoo ubishe.

Mjomba wako