Waliousoma Mpango wa Binti Yako

Ghorofani, juu ya duka la dobi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. U hali gani huko uliko? Wifi yangu hajambo? Na wale mapacha, bado wanapigania kiti cha dirishani au sasa wameshakuwa watu wazima? Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema unakuuma kila ukishuka kwenye kreni, nami nikakwambia uukande kwa maji ya moto. Najua hukuukanda.

Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi, kwa hiyo afya yake usiitilie shaka. Binti yako yuko hapa, anaanika nguo kwenye roshani na kunizibia mwanga. Nimeanza na hilo makusudi, ili uendelee kusoma ukiwa umeketi na moyo umetulia.

Simu yetu ya mwezi uliopita haikuwa mazungumzo. Wewe unapaza sauti, mimi nalia, mtandao unakatakata. Nililolisikia vizuri ni moja tu: "Mimi ni baba yake, inakuwaje nasikia wa mwisho?" Ni swali la haki, Kaka. Ila jibu lake ni refu kuliko salio la simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua jinsi binti yako, Chiriku wetu, alivyonyamaza mwaka jana, yule tuliyempa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Unajua na ile wiki ya hospitali. Usichokijua ni kilichofuata. Mshauri wa shuleni kwao, mama mmoja mfupi anayeweka miwani kichwani halafu anaitafuta mezani, alikaa naye alasiri kadhaa wakaandika kitu kinachoitwa mpango wa usalama. Mimi nilidhani ni fomu kama fomu nyingine. Kumbe ni ukurasa mmoja, kwa maneno yake mwenyewe: hali ile ikianza kumjia anakuwaje, nini kinamtuliza, nini kinamzidishia, nani aitwe, na nani asiitwe kwanza.

Halafu mshauri akatuambia jambo lililonitoa usingizini. Alisema mpango huo unaweza kupelekwa kwenye kituo cha simu za dharura, mwenyewe akiridhia. Siku simu ikitoka kwenye namba yake au namba za nyumba hii, anayeipokea anauona palepale, anawaeleza na watu wa gari la wagonjwa kabla hawajafika mlangoni.

Binti yako akakataa katakata. "Watu wasionijua wasome mambo yangu? Wakinicheka?"

Nikamwambia mficha uchi hazai. Akanitazama, akasema, "Mimi sina mpango wa kuzaa sasa hivi, Shangazi." Nikataka kuongeza ile ya mficha maradhi, nikaikumbuka inavyomalizia, nikaimeza nusu. Bora nikae kimya kuliko kuwa na methali kila mfuko.

Lakini unanijua. Jambo likinikaa kichwani haliondoki mpaka nilione kwa macho. Hao wasomaji ni akina nani? Wanakaa wapi? Karatasi ya mtoto wetu inalala kwenye droo gani? Nikamwomba mshauri atuombee ruhusa tukaone. Binti akasema ataenda lakini hatafungua mdomo.

Kaka, mimi nilitegemea ving'ora na watu wanakimbizana. Tukakuta chumba kimetulia kama maktaba. Zulia kuukuu, feni moja inayolia, watu wamevaa vipokea sauti masikioni wakizungumza kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Aliyetupokea ni mama wa makamo aliyevua viatu chini ya meza. Nikamuuliza ukizungumza na watu wenye shida kutwa nzima, chakula kinapita? Akacheka, akasema kinapita, ila chai hupoa.

Yule aliyeapa hatafungua mdomo ndiye aliyeuliza maswali ya maana. "Mtu akipiga halafu asiseme kitu, mnafanyaje?"

Yule mama, naye ni mpokea simu, akamgeukia. Akasema, "Kimya nacho tunakisikiliza. Namwambia asiseme, agonge simu kwa kidole. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana."

"Na askari mkiwatuma? Wao wanasoma yote?"

"Wanaambiwa kile ulichoruhusu tu. Ukiruhusu mstari mmoja, watapata huo mmoja."

"Na nikibadili mawazo?"

"Unaniambia, naufuta. Ni wako."

Tuliporudi nyumbani alichukua kalamu akaupitia upya. Mambo ya moyoni mwake akayatoa, akasema hayo abaki nayo mshauri. Akaacha yale ambayo mgeni anayepanda ngazi zetu anahitaji kuyajua: king'ora kizimwe mtaa mmoja kabla, wenye makoti ya kung'aa wayavue chini, aitwe shangazi kwa simu ya dukani kwa sababu ya mkononi haisikiki pasi za mvuke zikiwaka. Na mstari huu hapa, nakuandikia kama ulivyo: "Shangazi asiniulize maswali."

Mimi! Ni sawa na kumwambia kuku asichakure. Nikasaini, ukapelekwa kituoni, nami nikajisemea moyoni kwamba siku ya kuutumia haitafika.

Ilifika mwezi uliopita, mchana kweupe. Matokeo ya majaribio yalibandikwa shuleni, na mtu fulani akayapiga picha akaisambaza kwenye simu za darasa zima pamoja na maneno ya kumdhihaki binti yako. Akaondoka shuleni mapema. Alipita nyuma ya duka akapanda juu, mimi niko chini na koti la harusi la mteja, sina habari. Akajifungia bafuni. Baadaye aliniambia kwamba hali ile ilimjia kama maji yanayopanda ndani ya chumba kisicho na dirisha. Aliogopa kwa jinsi alivyokuwa anawaza, na akaona hawezi kushuka ngazi kuja kwangu. Lakini alimkumbuka yule mama aliyevua viatu. Akapiga.

Alipiga yeye mwenyewe, Kaka. Naomba mstari huu uusome mara mbili.

Hakuweza kusema neno. Mpango ukafunguka mbele ya mpokea simu. Akamwambia, "Nimeuona mpango wako, huna haja ya kusema. Uko nyumbani?" Kidole kikagonga mara moja. Akavitaja vyumba; kwa bafu kikagonga tena. Mwenzake wa meza ya pili akapiga simu ya dukani.

Sauti ile sitaisahau, ilikuwa tulivu kuliko yangu nikiagiza sabuni. "Shangazi, binti yuko juu bafuni, tuko naye kwenye simu. Gari linakuja. Panda, usigonge mlango kwa nguvu, kaa chini nje ya mlango, zungumza jambo lolote lisilomhusu. Na usiulize kitu."

Nikaliacha koti, nikapanda. Nikafika, nikakaa sakafuni, mgongo ukutani. Ndani kimya. Maswali yalinijaa mdomoni: kuna nini, umefanya nini, kwa nini, unanisikia? Nikayauma kwa meno. Hapo ndipo nilipojua kwamba kuuliza kulikuwa haja yangu mimi, si yake.

Basi nikaanza kuhubiri madoa. Sikuwa na kingine kichwani. Nikamweleza lile koti la harusi, jinsi bwana harusi alivyojimwagia mchuzi, jinsi mkewe anavyolileta kila mwaka kana kwamba safari hii doa litaona haya litoke. Nilizungumza na mbao za mlango, machozi yananidondoka, sauti nikiishikilia isipasuke.

Watu wa gari walifika bila king'ora. Wawili. Dada mmoja mrefu alivua koti lake la kung'aa chini kwenye ngazi, akaja akakaa sakafuni ubavuni mwangu kama jirani aliyekuja kusuka nywele. Mwenzake alibaki nyuma, lakini redio aliyoining'iniza kiunoni ikafoka ghafla, neno juu ya neno. Ndani tukasikia kitu kimeanguka.  Yule dada akageuka, akamwonyesha mwenzake kidole tu, redio ikazimwa. Kwenye mpango redio haikuwemo. Nani angeifikiria?

Nikatega sikio mlangoni. Nilidhani tumempoteza. Dada yule akaniuliza polepole, kama vile yuko dukani kwangu, "Na doa la mafuta ya kula, linatolewa na nini?"

Kwa kuchanganyikiwa nikasema spiriti.

Ndani ya mlango sauti ikasema, "Spiriti ni ya wino, Shangazi. Mafuta ni unga wa wanga."

Nimefua nguo za watu tangu ujana wangu, na sijawahi kufurahia kukosolewa namna ile. Dada akasema, "Nieleze vizuri, nina shati nyumbani." Akaelezwa, kidogo kidogo, kupitia mlangoni. Kisha komeo likavutwa. Alikuwa mzima. Alikuwa anatetemeka kama aliyenyeshewa, lakini mzima. Kilichoanguka kilikuwa ndoo.

Alikwenda nao kwa miguu yake, akiwa amejifunika kanga yangu, tukatokea mlango wa nyuma alivyotaka, majirani hawakuona hata gurudumu. Hospitali walimkalisha siku chache. Sasa anamwona daktari na mshauri kila wiki, na yule wa picha aliitwa shuleni na wazazi wake. Sitakudanganya kwamba yameisha. Kuna asubuhi anaamka ni Chiriku, kuna asubuhi anaamka ni ukuta. Lakini siku za ukuta sasa ananiambia, "Shangazi, leo ni ukuta," nami najua la kufanya.

Alipotoka tu hospitali, aliuchukua mpango akaongeza: "Redio izimwe." Akaupeleka kituoni mwenyewe. Yule kijana wa redio alikuwepo, akamwomba radhi. Wakaishia kubishana kuhusu mpira.

Sasa lile swali lako. Kwenye ile sehemu ya nani asiitwe kwanza, aliandika: "Baba, mpaka nitulie." Nilitii, nikakupigia jioni ya siku ile. Usikasirike naye, na mimi ukinikasirikia nitastahimili. Nilimuuliza sababu siku alipokuwa na nafasi ya kuulizwa. Alisema, "Baba akiogopa anagomba. Nikiwa kwenye hali ile siwezi kujua kwamba ni woga." Kaka, mimi ndugu yako niliyelala nawe chumba kimoja, nilikuwa sijalijua hilo kukuhusu mpaka mtoto aliponifundisha.

Barua hii ameisoma mpaka hapa. Amefuta neno moja na ameniruhusu mengine. Halafu akaniambia anataka kuongeza jina lako upande wa pili, kwa watu wa kuzungumza nao kabla mambo hayajaharibika. Lakini anaomba kwanza ufanye mazoezi. Umpigie siku ya kawaida tu. Usimuulize anajisikiaje, usimwambie ajikaze, usimwahidi kitu. Anasema amekaa miaka yote hii akiandika "dereva wa kreni" kwenye fomu za shule bila kujua ni kazi gani hasa. Anataka kujua ukiwa kule juu asubuhi, kabla hujaanza kuinua chochote, unaona nini.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie kitambaa chake kimefika na kimenipendeza kuliko anavyodhani. Mapacha wabusu kwenye vipaji vya nyuso, hata wakikataa. Mama anakusalimu, anasema upige simu na uvae sweta. Mwenyezi Mungu akulinde kwenye kazi yako ya juu, akupe mikono mitulivu na ulimi mwepesi wa upole.

Simu yake huwa wazi Jumamosi, akishamaliza kuanua nguo.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata pale unaponifokea.