Mume wangu ameifungia transfoma, nami kompyuta siiachi

Mama Mshauri, nisaidie kabla sijachomeka waya ukutani, liwalo na liwe. Mimi ni mfumaji wa sweta za shule, na michoro yangu yote naichora kwenye kompyuta ya zamani, ile ya kuunganisha na televisheni, aliyoniletea dada yangu kutoka ughaibuni, na kwa kuwa inataka volti 110 na hapa kwetu ni 220 naiwasha kupitia transfoma, lile sanduku zito linalovuma chini ya meza, na kila kitu kinakwenda vizuri isipokuwa saa yake, ambayo huchelewa dakika kumi kila saa inayopita, nami nimeshaizoea.

Juzi mume wangu alikuwa na usaili wa kazi saa tatu na nusu, simu yake imezima, akachungulia kwenye kioo cha kompyuta yangu akaona saa tatu kasoro dakika ishirini, akarudi kupiga pasi shati lake taratibu, na mimi niliyeiwasha saa moja na kuiweka saa yake sawa nilijua fika kwamba saa tatu imeshafika, nikanyamaza, kwa sababu miaka sita hajaniuliza nafanya nini pale zaidi ya kuiita "mdoli wako".

Usaili ukampita. Sasa ameifungia transfoma kabatini, anasema, "Kama ni kompyuta kweli, ichomeke ukutani kama za wenzako!" Shule zinafunguliwa mwezi ujao na sweta za watu sijamaliza. Simpigii mtu magoti. Niichomeke?

Mfumaji Mkaidi

*

Usithubutu! Ukutani kuna umeme mara mbili ya unaohitajika. Utasikia "pu!", utabaki na harufu ya plastiki, na mumeo atapata la kusema mpaka uzeeni.

Tena mashine yako si mbovu. Transfoma hupunguza volti tu. Kompyuta hiyo ilitengenezwa kwa umeme unaozunguka mara sitini kwa sekunde, wa kwetu ni hamsini, na saa yake huhesabu mizunguko hiyo. Inahesabu inachopewa.

Mwenye kasoro ni wewe, mwanangu. Kumtazama mwenzio akinyoosha kola huku muda unamtoka si msimamo, ni kisasi. Naye kuita kazi yako mdoli wakati shule nzima inavaa sweta zako, amekukosea, wala simtetei.

Leo hii tundika saa ya ukutani sebuleni. Kisha simama wima mbele ya mumeo umwambie: "Nilijua unachelewa, nikanyamaza. Nisamehe. Sasa nipe transfoma yangu, nina kazi." Akigoma, nenda kwa fundi umeme ununue nyingine, uhakikishe wati zake zinazidi za mashine.

Radhi mwombe. Ruhusa usimwombe.