Kilichomo Chini ya Gumba

Jumatatu, 13 Machi 1995
Nimeshona kofia ya harusi ya mjukuu wangu Swaleh baada ya alasiri. Vitobo vichache tu vya nakshi. Chini ya kidole gumba pamevimba tangu Idi, sindano haishikiki. Mke wangu Mwanaisha anasema ncha ya sindano imekatikia ndani. Nakubali. Mshona kofia atadungwa na nini kingine?

Alhamisi, 16 Machi
Usaha. Nimekwenda hospitali. Daktari akauliza kilichoniingia, nikamjibu, sindano. Akaagiza eksirei. Mifupa yote imeonekana, hata pete yangu ya fedha. Sindano hapana. "Mzee, hamna kitu. Ni baridi yabisi." Nimechukia. Baridi yabisi naijua. Iko gotini.

Jumatatu, 20 Machi
Gumba halikunjiki. Daktari wa pili hataki kupasua kwa kubahatisha. Ukano, ule mshipa unaokunja kidole, ukikatwa, sitashika sindano tena. Naogopa. Ameniandikia altrasaundi.

Jumatano, 22 Machi
Nimeketi benchi moja na wajawazito. Mwanamke wa Majengo akauliza, "Babu, wa miezi mingapi?"
Mwanaisha akamjibu, "Wa tangu Idi!"
Benchi zima likacheka. Mimi sikucheka.

Mtaalamu, Bi Kadzo, alinipaka kitu baridi, kizito kama uji, akapitisha kifaa juu yake. Kwenye kioo nyama yangu ilikuwa kama mchanga uliorambwa na maji. Akaniambia nijaribu kukunja kidole. Ukano ukateleza kidogo. Ajabu. Kando yake mstari mweupe, mfupi, ulionyooka, na kivuli nyuma yake.

"Si sindano hii, mzee. Chuma kingeonekana kwenye eksirei. Huu ni mti. Ulishika mti gani?"
Mwanaisha akanigeukia. "Chelewa, njiti ya ukuti! Si mwenyewe ulichonga vijiti vya mishikaki mkesha wa Idi, ukaniharibia fagio langu jipya?"

Kweli. Kila Idi nachonga. Wala sikukumbuka. Nilimwomba Bi Kadzo anionyeshe tena. Akanionyesha, kisha akatia alama ya wino juu ya ngozi.

Alhamisi, 23 Machi
Daktari amepasua penye wino. Kipande cha chelewa, rangi ya chai. Ukano haukuguswa.

Ijumaa, 31 Machi
Bandeji imetoka. Mwanaisha amelificha fagio. Gumba lakunjika, polepole. Nimeshona kitobo kimoja. Kimepinda.
Nimekiacha hivyo hivyo.