Ndege wa Kusikia Tu

Ijumaa, 4 Julai 2025

Tumefika kisiwani Rubondo, kutazama ndege. Basi kutoka Geita hadi Nkome, kisha boti. Limi katapika mara mbili, na yeye ndiye muuguzi wetu. Mihogo yake nimekula mimi.

Hema letu limesimama mara ya tatu. Thobias, anayetuongoza, kapita akalitazama, akasema linaegemea kama limetoka kilabuni. Tumeliacha hivyohivyo.

Habari kubwa: kabla hatujaondoka Jumatatu, Thobias atachagua mmoja wetu aende naye Oktoba kuhesabu ndege bwawa la Songwa. Wiki nzima! Limi kaniangalia. Anajua ninavyoitaka nafasi hiyo. Miaka kumi na mitano nimesimama kwenye karasha, nikiwasagia watu mawe yao ya dhahabu. Vumbi puani, vumbi kwenye chai. Sasa nataka kutazama kitu chenye mabawa.

Jumamosi, 5 Julai

Msituni tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Miti imefunga juu, chini tope, soksi zimelowa. Kila mtu na orodha yake. Ndege ukimwona unaandika O. Ukimsikia tu, S. Thobias anasema kwenye msitu mnene nusu ya kazi ni ya masikio.

Nimeona hondohondo wawili, shorobo mwenye bawa jekundu kabisa, na kasuku watano wakipita juu. Furukombe nimemsikia vizuri — yule anaita kama mpiga debe wa stendi.

Kisha Thobias akainua kidole. Wote tukasimama. Ndege chozi, akanong'ona, huyo hapo kushoto. Limi akatabasamu. Mwalimu Wiliam, mwenzetu, akainama kuandika. Mimi nilisikia majani tu, na pumzi yangu.

Nikaandika S.

Baada ya hapo ikawa rahisi. Wenzangu wakiinama, nami nainama, halafu nachungulia kwa Wiliam. Mara sita hivyo. Mara ya saba aliinama, nikaandika haraka "mdiria", kwa kuwa tulikuwa kwenye kijito. Kumbe alikuwa anafunga kamba ya kiatu.

Jioni, kabla ya ugali, Thobias kapitia orodha zetu. Kasema mbele ya wote, Mama Marwa ana masikio. Nimeona aibu. Nimefurahi pia.

Jumapili, 6 Julai

Asubuhi tumeingia kwenye mafunjo kwa mtumbwi. Nzohe dume, yule swala wa majini, kazama hadi mgongoni, pembe tu na pua vinaonekana. Mimi ndiye niliyemwona kwanza! Wiliam alikuwa anasafisha miwani, kamkosa, kanuna hadi nchi kavu.

Tuliporudi kambini nilikuwa nachochea moto wa chai. Limi akanigusa bega, nikaruka.

"Mama Marwa, nimekusalimia mara tatu. Mwangaluka, mwangaluka, mwangaluka."

"Nilikuwa nawaza."

"Na jana ulipokuwa unachungulia kwa Wiliam, ulikuwa unawaza?"

Nikakoroga chai ambayo haikuwa na sukari bado. Akakaa karibu yangu, upande wa kulia, ambako nasikia vizuri. Sijui alijuaje. Anasema hospitalini kwao wanakuja wengi wa karasha. Kelele ile inakula kwanza sauti nyembamba. Nene zinabaki, ndiyo maana mtu hajijui. Tukirudi Geita atanipeleka nikapimwe. Nikamwomba asimwambie Thobias.

"Hilo si langu," akasema. "Lakini wewe unamwona ndege kabla yetu sote. Kwa nini unataka kuchaguliwa kwa masikio?"

Akaomba kikombe cha pili. Nikamnyima. Utoto tu.

Mchana Thobias kaja mbio na orodha yangu. Mdiria kwenye kijito kile! Yeye hajawahi kumsikia pale. Katurudisha wote, saa nzima kwenda, tukasimama kwenye tope bila kukohoa. Mbu wametula. Thobias kafumba macho, kichwa kakiinamisha, anamsubiri mdiria wangu. Kila jani likitikisika anainua kidole, halafu anakishusha. Ameniambia kwa upole, huenda kahama, usijali. Afadhali angenigombeza.

Kurudi, nilitembea nyuma ya wote.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hema limekunjwa, halitaki kuingia kwenye mfuko wake. Boti imechelewa. Thobias kakaa juu ya ndoo, anaita mmoja mmoja na orodha yake, anauliza maswali. Kalamu yake anaitafuna. Wiliam keshamaliza, karudi.

Nimechukua orodha yangu nikapitisha mstari juu ya S nane. Mstari mmoja mmoja, ili anayetaka aone kilichokuwa kimeandikwa. Zimebaki S tatu: furukombe, kwarara, kanga. Wapiga kelele wote. O ni thelathini na moja. Nimezihesabu mara mbili, zote nimeziona kweli.

Limi yuko mbele yake sasa. Wanacheka kuhusu kutapika. Boti imeonekana kule, bado ndogo.

Limi amenyanyuka. Thobias anaita: "Mama Marwa, haya, mlete mdiria wako!" Wote wanacheka. Limi hacheki.

Mstari huu nauandika nimesimama.